Vuga: Mji Uliokaa Juu ya Nyika

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Ukitoka Mombo, chini ya milima ya Usambara, unapanda kona kwa kona hadi Soni, kisha unaiacha barabara ya Lushoto na kushika njia ya Vuga. Leo utakuta kijiji: migomba, mahindi, watoto wanatoka shule. Mgeni anaweza kupita asijue kwamba hapa palikuwa makao ya mfalme wa Wasambaa.

Sisi Wasambaa tuna maneno mawili ya kuigawa dunia. Shambaai ni huku juu, kwenye ubaridi, mvua na migomba. Nyika ni kule chini, kwenye joto na homa. Wazee walipenda kujenga karibu na ukingo wa mlima, shamba moja juu na jingine bondeni, ili mvua ikikosea huku, kule wapate chakula. Naiona hiyo kuwa elimu kubwa ya kilimo, na haikuandikwa popote.

Masimulizi yanamtaja Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu. Alikuwa kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwao wakamwogopa na kumnyima urithi. Akaja Usambara na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, nyama akawagawia watu. Kisha akaua simba, nao watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Tangu hapo mtawala akaitwa Simba Mwene. Nataka mkumbuke hili: mtu aliyekataliwa kwao, huku alipokewa kwa sababu alilisha watu.

Kitukuu wake katika utawala, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka milimani hadi pwani. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, walipokuja 1857 walilazwa nje ya mji, maana mgeni hakuruhusiwa kuingia penye enzi. Burton aliambiwa mji una watu wapatao 3,000, katika nyumba 500 hivi.

Mwaka 1862 Kimweri akafa. Mwanawe Semboja hakuishi Vuga, aliishi Mazinde, chini kabisa, palipopita misafara. Misafara ilileta bunduki na kuchukua pembe za ndovu na watumwa. Vuga ilikuwa na heshima na matambiko ya mvua. Mazinde ilikuwa na baruti. Semboja akamshambulia Shekulwavu, mrithi halali, na Vuga ikachomwa moto. Machifu wakawauza watu wao wenyewe. Wazee wanasema nchi ikitawalika vizuri ni kuzifya shi, kuitengeneza nchi. Ikiharibika ni kubana shi. Miaka ile ilikuwa ya kubana shi, na bado inaniuma nikiisimulia.

Wajerumani walipokuja, nguvu ilikuwa imeshateremka mlimani. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, nayo ikapita nyikani. Vuga ikabaki na misheni ya Kilutheri na kiwanda chake cha uchapaji, kilichotoa vitabu vya Kiswahili vikasomwa mbali sana na hapa.

Mpaka leo mkulima wa huku anategemea kinachopita chini. Mama anapalilia viazi mteremkoni, jembe moja, mtoto mgongoni. Anavuna, anajaza gunia, na mnunuzi anataka lumbesa: gunia lishonewe kilemba cha viazi juu ya mdomo, bei ileile ya gunia moja. Nimemwona akiinama, akiongeza viazi kimoja kimoja, na gari linanguruma likimsubiri.