Kisukari na Sisi Tunaokaa Sokoni Kutwa

Ndugu zangu wafanyabiashara, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Namshukuru mwenyekiti wa soko kwa kuturuhusu, maana najua saa hizi ndizo wateja wanaingia.

Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania. Watu zaidi ya elfu sita walipimwa, na waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ukafanyika utafiti wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, na safari hii wakapatikana karibu tisa katika kila mia. Ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini na ulihusisha vijana wadogo zaidi, kwa hiyo namba hizi hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo ongezeko lipo, na sisi wa kliniki tunaliona kwenye foleni.

Huwa naulizwa: "Daktari, chai yangu nakunywa kavu bila sukari, kisukari kitanipatia wapi?" Kitakupatia tumboni. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilicho kingi, huanza pale mwili unapoacha kuitikia insulini, kichocheo kitokacho kwenye kongosho ili kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, hasa kwenye ini, ndiyo yanayochangia sana hali hiyo. Kongosho hujikaza kutoa insulini zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka huelemewa, na sukari ikabaki kwenye damu. Tukimwona mtu ameota kitambi tunasema mambo yake yamemnyookea. Mimi namwogopea.

Hebu tazameni siku yenu. Unakuja na bodaboda alfajiri, unakaa kwenye kigoda mpaka jioni. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana mlima wa ugali wa sembe na mboga kiduchu pembeni, saa kumi jua likikolea unaagiza soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa. Nani hapa hutia vijiko tisa kwenye kikombe kimoja? Bibi zetu nao walikula ugali, lakini mara nyingi wa dona, na shamba walilifuata kwa miguu.

Kuna mengine yanayoongeza hatari: umri kusogea, mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, presha, sigara, na kwa mama, kuwahi kupata kisukari akiwa mjamzito. Mtoto anayekojoa mno, ana kiu isiyoisha na anakonda ghafla, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo. Hicho ni kisukari cha aina ya kwanza, hakisababishwi na pipi, na mama yake asilaumiwe.

Kinachoniuma zaidi ni miguu. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikafa ganzi. Mtu anakanyaga msumari asubuhi, anaugundua jioni akivua kandambili. Anaukanda mguu kwa maji ya moto, na kwa kuwa hausikii moto, anajibabua. Jirani anamletea unga wa mizizi, anapaka. Akifika kwetu kidole kimekuwa cheusi na tunazungumzia kukata. Wapo wanaojua siku hiyo kwamba wana kisukari, kumbe kilikuwemo miaka mingi, na kipimo ni tone la damu kidoleni!

Wauguzi wapo pale mlangoni na mashine. Kama hujala kitu tangu jana usiku na kipimo kikasoma 7 au zaidi, utapewa siku ya kurudia ili tuwe na hakika. Kama umeshakunywa chai, sema, maana hesabu yake ni nyingine. Mlioanza dawa msiziache kwa sababu tu mmepata nafuu. Mwenye kisukari avue na viatu, tutazame nyayo na katikati ya vidole. Wauza mboga watangulie, mali yao inanyauka juani.