Tumbo Lina Saa Zake: Mhadhara kuhusu Afya ya Mmeng'enyo wa Chakula Wakati wa Sikukuu

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nilipoombwa kuzungumza nanyi kuhusu afya ya tumbo katika msimu wa sikukuu, nilijua kwamba wengi wenu mngetarajia niwasomee orodha ya vyakula vya kuepuka, na pengine wapo waliokwisha kuamua kutonisikiliza. Orodha hiyo sikuja nayo. Katika mazungumzo yangu na watu wanaolalamikia matumbo yao baada ya sikukuu, nimezoea kuuliza swali la "lini" kabla ya swali la "nini", kwa kuwa mara nyingi kilichowaponza ni saa: saa waliyokula, muda walioutumia kutafuna, muda ambao chakula kilikaa mezani, na muda uliopita kati ya tonge la mwisho na kitanda. Chakula ambacho tumbo lingekipokea kwa amani saa 7 mchana huweza kugeuka mateso kikiliwa saa 5 usiku.

Kwamba tumbo lina mwendo wake wa kazi, sehemu kubwa ya habari hiyo tuliipata kwa ajali. Mwezi Juni mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin. Jeraha lilipona, lakini liliacha tundu lililofunguka moja kwa moja hadi tumboni. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, miaka michache baadaye alianza kufunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, kuvitumbukiza kupitia tundu lile, kisha kuvivuta nje kila baada ya muda ili aone vimesagika kiasi gani. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1833, alikuwa ameonyesha kwamba vyakula hutofautiana katika muda vinaouhitaji, na kwamba hasira ya mwenye tumbo ilitosha kuvuruga usagaji. Namna alivyomtumia kijana yule isingepita leo mbele ya kamati yoyote ya maadili, na si vyema kulinyamazia hilo tunapomsifu.

Leo tunafahamu zaidi. Maji hupita tumboni upesi, ilhali mlo wa kawaida huchukua takriban saa 4 kuondoka, na mlo wenye mafuta mengi huchukua muda mrefu zaidi. Mafuta yanapofika kwenye utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo huliambia tumbo lipunguze mwendo na wakati huohuo huuamuru mfuko wa nyongo ujikamue. Ndiyo maana mtu mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, ambaye pengine hajui kuwa anavyo, hushikwa na maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu saa chache baada ya karamu. Ndiyo maana pia yule aliyekula vinono adhuhuri hushangaa kujikuta bado ameshiba jioni, lakini akiandaliwa tena, hula.

Hapo kwenye "hula" ndipo nataka tukae kidogo. Tumbo likiwa tupu halilali. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, wimbi la misuli huanzia tumboni na kusafiri polepole kwenye utumbo mwembamba wote, likifagia makombo na bakteria kuelekea utumbo mpana, na mngurumo tunaousikia tukiwa na njaa kwa sehemu ni sauti ya ufagio huo. Ukila, hata kidogo, ufagio husimama. Sasa tazameni siku ya sikukuu inavyokwenda: mtu anapita jikoni anaonjeshwa kipande cha nyama, anarudi sebuleni anachota vitafunio kwenye bakuli, anapokea soda kwa sababu mgeni mwingine amepewa, anakata keki nyembamba, kisha anarudi kuisawazisha ile keki kwa sababu imekatwa upande. Jioni ukimuuliza amekula mara ngapi, atakwambia mara mbili, na hatakuwa anadanganya kwa makusudi. Matokeo yake ni tumbo lililojaa gesi na uzito usio na jina. Tiba yake haina gharama: kula mlo kamili, ukae mezani, kisha uliache tumbo saa 3 au 4 bila kulipa kazi mpya.

Haraka nayo ina hesabu yake. Taarifa ya kushiba hutoka kwenye kuta za tumbo zinazotanuka na kwenye homoni za utumbo, na kwa kawaida huchukua kama dakika 20 kufika ubongoni kwa nguvu ya kutosha. Anayemaliza sahani kwa dakika 7 anaongeza sahani ya pili kabla taarifa ya kwanza haijasomwa. Wahenga walisema shibe ni mwana malevya, na yeyote aliyejaribu kuzungumza jambo la maana na mtu aliyetoka kuvimbiwa anajua walichokiona.

Baada ya shibe hiyo huja usingizi, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na desturi ya kujilaza kwenye kochi dakika chache baada ya mlo mkubwa wa sikukuu, kichwa kwenye mkono wa kochi na shingo imepinda, na kila mara niliamka kwa moto kifuani na uchachu kooni, nikailaumu pilipili. Pilipili haikuwa na hatia kubwa. Kati ya umio na tumbo kuna mlango wa misuli unaozuia tindikali isipande, na mlango huo hulegea zaidi tumbo likitanuka kupita kiasi, na vilevile kwa mafuta mengi, pombe na chokoleti. Ukiwa wima, uzito wa chakula chenyewe husaidia kukibakiza chini. Ukilala, msaada huo unaondoka. Kwa hiyo pisheni saa 3 kati ya mlo na kulala. Anayelazimika kulala mapema na alalie ubavu wa kushoto, kwa kuwa hivyo tindikali hubaki chini ya kiwango cha ule mlango, na mwenye kiungulia cha mara kwa mara ainue miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai sana, maana mito hukunja kiuno na kulibana tumbo.

Kuhusu kukosa choo nitasema kwa ufupi. Safari na wageni huvuruga saa ya asubuhi, ambayo ndiyo saa utumbo mpana huwa tayari zaidi, hasa baada ya kifungua kinywa. Mtu huona haya choo cha watu, hujizuia, na kinyesi kikizidi kukaa hunyonywa maji na kuwa kigumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutokana na vyakula vya asili, yaani matunda, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Pateni hizo, pamoja na maji ya kutosha, na msiukatae mwito wa asubuhi.

Sasa kiporo. Hili ndilo eneo ambalo watu huniona mkali, nami siombi radhi. Chukueni sufuria kubwa la nyama iliyoiva, limefunikwa vizuri na kuachwa jikoni ili lipoe kabla ya kuingia kwenye friji. Ukigusa ubavu wa sufuria baada ya saa 3 utaona umepoa, lakini ukizamisha mwiko hadi katikati, utatoka na joto la kumfaa mtoto kuogea. Katikati hapo, kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, bakteria huzaliana kwa kasi, akiwemo Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake huvumilia mapishi na ambaye huwaharisha watu wengi kwa mpigo kwa sababu hupenda vyombo vikubwa. Wali nao una Bacillus cereus, ambaye sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukiupasha moto. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kigawanywe kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi ili kipoe upesi, na kinapopashwa kifike nyuzi 70 au zaidi mpaka katikati. Kunusa hakusaidii, kwa kuwa wengi wa bakteria hawa hawaachi harufu.

Ikitokea mtu akaharisha, hatari ya kwanza ni kupungukiwa maji. Dawa ya maji yenye chumvi na sukari ya pakiti ndiyo bora. Ikikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, na usikadirie chumvi kwa macho, maana ikizidi humdhuru mtoto. Damu kwenye kinyesi, homa kali, au mtoto anayelegea na kukosa mkojo ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Nimalizie na dawa za maumivu. Asubuhi ya pili ya sikukuu, watu wengi huamka na kichwa kinachogonga, tumbo tupu na pombe bado mwilini, wakameza ibuprofeni, diklofenaki au aspirini. Dawa hizi huzuia utengenezaji wa kemikali ambazo husaidia kuulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe, na pombe huuchokoza ukuta huohuo. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo asizitumie bila kumwuliza daktari. Kinyesi cheusi chenye kunata kama lami, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, ni dalili ya kuvuja damu ndani, na hakuna sikukuu inayostahili kusubiriwa iishe kwanza. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkononi au kwenye taya, hasa yakiambatana na jasho na pumzi fupi: mtu wa aina hiyo msimpe dawa ya kiungulia mkangoja, mpelekeni hospitali mara moja, kwa kuwa moyo na umio huumia mahali pamoja, na mgonjwa mwenyewe hana njia ya kuvitofautisha.