Ubia wa Kweli: Zabuni za Uwanja wa Ndege wa Atlanta

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Mwaka 1973 jiji la Atlanta, kusini mwa Marekani, lilimchagua Maynard Jackson kuwa meya wake wa kwanza Mweusi. Zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Weusi, lakini kampuni zao hazikuwa zikipata hata asilimia 1 ya fedha za zabuni za jiji. Kodi wanalipa, kazi hawaioni!

Wakati huo uwanja wa ndege ulikuwa unapanuliwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Jackson akashikilia kwamba asilimia 25 ya kazi iende kwa kampuni za Weusi na wengine walio wachache nchini Marekani, la sivyo mradi usimame. Wakubwa wa biashara wakaja juu. Hakutetereka, na jengo jipya likafunguliwa Septemba 1980.

Ninachotaka tukitazame kwa karibu ni namna alivyofanya. Mkandarasi Mweusi hakuwa na mtaji wala dhamana ya kubeba kazi kubwa namna ile peke yake, kwa hiyo kampuni kubwa zilitakiwa kuingia ubia na wenzao wadogo. Katika ubia wa kweli, mdogo anakaa kwenye meza ya makadirio, anajua nondo zimenunuliwa bei gani, na anatoka na rekodi ya kumpatia dhamana kwenye mradi unaofuata. Anayeitwa kuja kuzoa kifusi tu hapati hayo. Na yule ambaye jina lake limeazimwa ili fomu ipite, huyo ametumiwa.

Halafu kuna malipo. Mkandarasi mdogo analipa vibarua kila wiki. Ankara yake ikilala miezi mitatu mezani kwa mhasibu, anakopa, na riba inakula faida yote. Shirika linalomwita mshirika huku likimcheleweshea fedha zake linamfilisi, na mimi hilo naliita dhuluma.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta mpango wa jiji la Richmond, Virginia, wa kutenga asilimia 30 ya fedha za zabuni za ujenzi kwa kampuni za walio wachache, kwa kuwa jiji halikuwa limethibitisha ubaguzi katika zabuni zake. Kwa hiyo ninyi mnaosimamia manunuzi, tunzeni kumbukumbu: nani alialikwa, nani alishinda, nani alilipwa, na lini.