Safiri Si Buluu Peke Yake: Mazungumzo na Wachimbaji na Wauza Mawe wa Bukavu

Mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana wa Kadutu na Bagira, aksanti kwa kufika. Hapa Kivu tumezoea madini yanayouzwa kwa kilo: koltani, kasiteriti. Unapima, unauliza asilimia, hesabu imekwisha. Jiwe la thamani halihesabiwi hivyo, ndiyo maana watu wetu wanaibiwa mchana kweupe. Mtu analeta jiwe la njano au la zambarau, negosia, yaani mnunuzi wa kati, anamwambia, "Safiri ni ya buluu, hii si kitu," kisha analichukua kwa bei ya sabuni. Neno hilo si kweli, na linanikera sana.

Safiri, ambayo Biblia yetu inaiita yakuti samawi, ni aluminiamu na oksijeni tu. Ikiwa safi kabisa haina rangi yoyote. Rangi huletwa na vitu vichache vilivyoingia humo wakati jiwe linajijenga ardhini. Chuma pamoja na titani huleta buluu. Chuma peke yake huleta njano. Kromu kidogo huleta waridi. Ikizidi, jiwe likawa jekundu, tunaliita rubi. Kati ya waridi na nyekundu hakuna mpaka ambao wote wanakubaliana juu yake, na ugomvi hapo ni wa pesa, kwa sababu jina rubi hupandisha bei.

Zote zisizo za buluu, wafanyabiashara wanaziita safiri fantezi. Ya juu kuliko zote ni padparadscha. Jina limetoka Sri Lanka, ni la ua la yungiyungi, na rangi yake ni waridi na chungwa pamoja, laini, moja isiimeze nyingine. Bonde la Umba, Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya, limetoa safiri za karibu kila rangi tangu miaka ya 1960, zikiwemo za chungwa lenye kahawia ndani. Wapo wanaoziita padparadscha za Afrika. Maabara nyingi hukataa, kwa kuwa kahawia imezidi. Mimi nasema jiwe la Umba ni zuri kwa jina lake lenyewe, halihitaji kuazima la Sri Lanka. Tena kuna jambo la kuogopa: mwaka 2016, karibu na Ambatondrazaka kule Madagascar, yalianza kutoka mawe yaliyoonekana ni padparadscha, lakini chungwa lake lilififia kwenye mwanga, ikabaki waridi. Siku hizi maabara huangalia kwanza kama rangi inadumu.

Baada ya padparadscha hufuata waridi kali na zambarau safi, halafu chungwa na njano iliyokolea. Kijani na kahawia kwa kawaida ziko chini, ingawa buluu-kijani imepata wapenzi wengi miaka hii.

Rangi inaangaliwaje? Kivulini mchana, juu ya karatasi nyeupe. Msikubali taa ya mnunuzi, maana taa ya manjano huipendezesha njano na chungwa na kuiua buluu. Geuzeni jiwe: safiri yenye rangi huonyesha rangi mbili ukiitazama pande tofauti, na mkataji mzuri huchagua upande ulio bora. Mara nyingi rangi imejikusanya mahali pamoja. Nanyi mnajua turumalini za Kivu, waridi ndani na kijani nje, basi hili halitawashangaza. Jiwe jeusi mno hushuka bei hata kama ni kubwa. Karati moja ni gramu 0.2, na jiwe zuri la karati mbili huuzwa zaidi ya mara mbili ya la karati moja.

Sasa moto. Safiri nyingi sokoni zimechomwa, mara nyingi kwa zaidi ya digrii 1,500, ili rangi itulie au ing'ae. Hilo linakubalika ikiwa muuzaji anasema. Kinachoharibu soko ni kuchoma pamoja na berili, metali nyepesi inayobadilisha rangi ya jiwe. Berili huingia ndani kabisa ya jiwe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 safiri za chungwa zilizotengenezwa hivyo Thailand zilimwagika sokoni kabla maabara hazijagundua siri. Thamani yake iko chini sana, na macho hayawezi kuitambua. Zinatakiwa mashine za ghali.

Hapo ndipo mchimbaji ana nguvu. Jiwe lililotoka udongoni halijaguswa na moto, na kuna wanunuzi wanaolipa zaidi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo msilitie kwenye makaa nyumbani, joto la ghafla hulipasua. Lifungeni peke yake, andikeni limetoka kilima gani na siku gani, na mkiulizwa juu ya jiwe mlilonunua kwa mtu bila karatasi ya maabara, semeni wazi kwamba hamjui kama limechomwa.

Maswali yaje. Wenye mawe wasogee dirishani, mwanga bado upo.