Sumo: Leo Msiniulize Habari za Mabingwa

Namwona pale mbele aliyekuja na picha ya Hakuho kwenye simu. Ndugu yangu, iweke mfukoni. Yokozuna, mabingwa wa cheo cha juu kabisa kama huyo, wana wasemaji wengi. Mimi, kama kawaida yangu, nawasemea wale wa chini wa sumo, mieleka ya Kijapani, wanaopanda ulingoni Ryogoku, ukumbi wa sumo wa Tokyo, saa mbili na nusu asubuhi, ukumbi mtupu, hata wauza vitafunio hawajachangamka.

Madaraja ni sita, siyataji yote. Mpaka ni mmoja tu: juryo, daraja la pili kutoka juu. Kuanzia hapo kwenda juu wamo watu 70, na kila mmoja anapokea zaidi ya yeni 1,000,000 kwa mwezi. Chini yake wako mia tano na ushei, na mshahara wao ni sifuri. Wana chakula, pa kulala kambini, na posho ya mashindano kila miezi miwili. Basi. Chanko, chakula cha kambini, wanaipika wao na wanaila mwisho, wakubwa wakishashiba. Wa jonidan na jonokuchi, madaraja mawili ya chini kabisa, wanatembea na yukata, vazi jepesi la pamba, na mitalawanda hata Januari, baridi ya Tokyo ikiuma. Aliyekosa ushindi mmoja tu wa kuvuka kuingia juryo anaweza kupangiwa kumsugua mgongo mwenzake aliyeupata.

Sasa Hattorizakura, mpiganaji wa jonokuchi. Ndiyo, huyo huyo ninayemtaja kila mara, na mwakani nitamtaja tena. Aliingia mwaka 2015, miaka 17, kijana mwembamba. Akashindwa. Akashindwa tena. Alipoteza mapambano 89 mfululizo, mpaka Januari 2019 alipofanikiwa kumwangusha mpinzani. Alipostaafu mwaka 2021, hesabu ilikuwa hivi: kushinda 3, kushindwa 238. Chekeni, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya, yuko atakayeniuliza kwa nini hawakumfukuza. Kwa kosa gani? Jonokuchi ndiyo daraja la mwisho, hakuna pa kumshusha. Usipopigana kabisa, jina lako linaondoka kwenye banzuke, orodha ya vyeo vya wapiganaji. Ukipanda ukaangushwa, linabaki. Na yeye alipanda! Miaka mitano na zaidi, na alikosa pambano moja tu. Nionyesheni ofisi yenye mahudhurio kama hayo. Halafu, akitoka kuangushwa, kambini kuna sakafu ya kusafisha, mboga za kukata na nguo za mkubwa za kufua. Hao mabingwa wenu wamepumzika na kunenepa kwa sababu kuna vijana wasiolipwa wanaofanya hayo yote.

“Si waache, watafute kazi nyingine?” Wengi wanaacha. Lakini mpiganaji Hanakaze alianza 1986 akaacha 2022, akiwa na miaka 51, na juryo hakuifikia hata siku moja. Huyo naye mtaniambia hakujua alichokuwa anakifanya?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, nilikuwa na habari ya pensheni, naiacha. Ila hili siliachi: Machi 2021, Hibikiryu wa sandanme, daraja la tatu kutoka chini, aliangukia kichwa ulingoni. Alilala kifudifudi dakika kadhaa kabla madaktari hawajamfikia. Mwezi uliofuata akafariki, ana miaka 28. Msiniambie mchezo huu ni wa hatari tu na kila mtu anajua. Hatari anaijua, ndiyo, lakini daktari anatakiwa awe amekaa kando ya ulingo tangu pambano la kwanza la asubuhi. Maswali tuyaanzie hapo.