Katuni za kuchorwa kwa mkono: kazi iko kati ya mchoro na mchoro

Haya jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni mbele viti vipo, na wazee wetu mliokuja shikamooni. Leo naongelea katuni za penseli na karatasi, na naanza na hesabu kwasababu bila hesabu mengine yote hayataeleweka. Filamu ya sinema inapita fremu 24 kwa sekunde, fremu ni picha moja moja ya filamu, yaani dakika moja ni fremu 1,440. Wachoraji wengi wanaupiga kila mchoro picha mbili, kwahiyo inakuwa michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika, na jicho linakubali vizuri tu, mpaka mhusika akianza kukimbia kwa kasi ndo wanarudi kwenye mchoro mpya kila fremu. Na hapo ni mhusika mmoja, wakiwa wawili unazidisha.

Sasa watu wakisikia hivyo wanadhani ugumu ni wingi. Wingi unachosha kweli, lakini ugumu wenyewe uko kwenye nafasi kati ya mchoro na mchoro. Norman McLaren, Mskoti aliyefanya kazi miaka mingi National Film Board ya Canada, alisisitiza hilo hilo, kwamba kinachotokea kati ya fremu mbili kina maana kuliko kilichomo ndani ya fremu.

Chukueni mpira unaodunda. Kule juu kabisa, pale unapotaka kugeuka urudi chini, michoro inabanana hadi inapandiana kwasababu mpira umepoteza kasi, halafu ukianza kushuka michoro inaachana, inaachana zaidi, ukikaribia chini unauvuta kidogo uwe mrefu, ukigusa sakafu unaubonyeza uwe bapa, ila ujazo usipungue, ulichokipunguza kwenye kimo kionekane kwenye upana. Sasa chora maduara yale yale kwa umbali sawa sawa uone. Mpira umekufa, umebaki na kitu kinachoteleza hewani bila uzito wowote. Tufe la chuma au puto, duara ni lile lile, tofauti yao yote ni lilivyopangwa.

Ndo maana studio kubwa zilikuwa zinagawa kazi. Mchoraji mkuu anachora mikao muhimu tu, tuseme mkono chini, mkono juu, halafu pembeni ya karatasi anaweka mstari wenye vialama kama ngazi, kuonyesha michoro ya katikati ikae karibu na mkao upi. Msaidizi anapokea, anaweka karatasi juu ya kioo chenye taa chini yake, matundu yameingia kwenye pini ili karatasi isisogee hata kidogo, na anajaza katikati. Huyu mtu wa katikati anadharauliwa na mimi inaniuma, kwasababu kazi yake sio kupima na rula. Kichwa kikigeuka kutoka kushoto kwenda kulia hakipiti mstari ulionyooka, kidevu kinashuka kidogo kisha kinapanda, kinafuata mpindo, na asipoujua huo mpindo mhusika mzima anakuwa roboti. Huku anachora huku ameshikilia karatasi kadhaa katikati ya vidole anazipepesa, anaangalia kama mwendo upo.

Sauti kwa kawaida inarekodiwa kwanza. Mtu anaisikiliza na kuandika kila sauti ya neno kwenye karatasi ndefu ambayo kila mstari wake ni fremu moja. Neno "habari", pale kwenye b midomo lazima ifungwe, na mifungo hiyo wachoraji wanapenda kuipa walau fremu mbili, ikiwa moja mtazamaji haioni. Kiswahili silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwahiyo mdomo unafunguka mara kwa mara, mkichora mhusika wetu msinakili midomo ya katuni za Kiingereza.

Kuhusu rangi. Mchoraji wa Marekani Winsor McCay alipofanya katuni ya Gertie, yule dinosaria, mwaka 1914, mandhari ya nyuma ilibidi ichorwe upya kwenye kila karatasi, milima ile ile, maelfu ya mara! Mwaka huo huo mchoraji mwingine wa Marekani, Earl Hurd, akaomba hataza ya kutumia plastiki angavu, mhusika anachorwa juu ya plastiki, mandhari inachorwa mara moja inakaa chini. Wino unapigwa mbele, rangi inapakwa kwa nyuma ili mistari ibaki safi, na plastiki zikizidi rangi za chini zinafifia kwahiyo wanazirekebisha kulingana na tabaka. Kazi hii Disney ilifanywa zaidi na wanawake, mikono yenye glavu nyepesi, na hiyo filamu ya Snow White ya 1937 mnayoisifu imepita mikononi mwao fremu kwa fremu, huku majina yao mengi hayakuandikwa kwenye filamu. Yaandikwe, mkifanya zenu andikeni kila aliyegusa. Baadaye mashine ya kunakili ikachukua kazi ya wino, mistari ya penseli ikahamishwa moja kwa moja kwenye plastiki, angalieni One Hundred and One Dalmatians ya 1961 mtaona mistari ni mikavu, ina ukwaru wa penseli, mimi naipenda hivyo.

Kaka umeuliza kama simu inatosha kupigia picha za katuni. Inatosha kabisa. Karatasi za A4, kitoboleo cha ofisini, vijiti viwili vilivyogundishwa ubaoni viingie kwenye matundu, kioo cha dirisha mchana ndo taa yako, simu iegemezwe isitikisike, unapiga picha mbili kila mchoro. Kwa wiki ijayo kila mtu alete mpira unaodunda mara moja, michoro 12, halafu michoro mingine 12 ya tufe zito, duara la ukubwa ule ule na bila kuweka kivuli. Tutaziangalia hapa ukutani, na wenzako waseme lipi ni zito bila wewe kuwaambia.