Gari Likienda Tupu, Moshi Wake Huandikwa Wapi?

Ndugu wasikilizaji, sehemu kubwa ya magari yanayobeba abiria wa teksi mtandao si mali ya kampuni ambazo majina yake tunayaona kwenye simu. Ni ya madereva, ambao kampuni hizo huwaita wakandarasi huru. Tumezoea kulijadili jambo hili kama suala la ajira, lakini ndilo pia linaloamua moshi wa gari utaandikwa katika daftari la nani.

Itifaki ya Gesijoto, yaani kanuni ambazo kampuni nyingi duniani hufuata kuhesabu gesi zinazopasha dunia joto, na ambayo mwongozo wake wa kwanza kwa kampuni ulitoka mwaka 2001, hugawa hesabu katika mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa mitambo na magari ya kampuni yenyewe, la pili ni umeme inaonunua, na la tatu ni yale yote yanayosababishwa na biashara yake nje ya mali zake. Petroli anayoichoma dereva huangukia fungu la tatu, ambalo mwongozo huo uliliacha liwe la hiari. Kwa hiyo kampuni inaweza kutangaza, bila kusema uongo hata mmoja, kwamba mafungu mawili ya kwanza yamepungua, huku moshi wa barabarani ukizidi.

California haikuridhika na hiari. Kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2018, mamlaka ya hewa ya jimbo hilo ilipewa data za safari zenyewe za teksi mtandao, na hesabu ya mwaka huo ikaonyesha gramu 301 za kaboni dioksidi kwa kila maili ya abiria mmoja, ilhali wastani wa magari ya abiria ya jimbo zima ulikuwa gramu 203. Magari hayo ya teksi mtandao hayakuwa makuukuu. Kwa wastani yalikuwa mapya kuliko mengine na yalitumia mafuta kidogo. Kilichoipandisha hesabu ni mwendo mtupu: karibu asilimia 39 ya maili zote zilitembewa bila abiria, dereva akizunguka kusubiri ombi au akimfuata mteja. Taarifa inayohesabu kuanzia abiria anapopanda hadi anaposhuka huyaacha yote hayo nje, nami siwezi kuiita taarifa kamili.

Mwaka 2020 Lyft, kampuni ya teksi mtandao ya Marekani, iliahidi magari ya umeme pekee ifikapo 2030. Uber iliahidi kuondoa moshi kufikia mwaka huohuo nchini Marekani, Kanada na katika miji ya Ulaya, na kwingineko duniani ifikapo 2040. Nairobi, ambako Uber iliingia mwaka 2015, imo katika kundi hilo la pili, na kwa wakazi wanaovuta hewa ya barabara zake miaka kumi si tofauti ndogo.

Sheria nyingine ya California, ya Oktoba 2023, inazitaka kampuni zenye mapato yanayozidi dola bilioni moja kwa mwaka kutangaza hata fungu la tatu. Nalipokea hilo kwa furaha. Hata hivyo, jumla ya tani za gesi peke yake haitatuonyesha mwendo mtupu, wala haitatuambia gari la umeme linalopunguza tani hizo limenunuliwa kwa fedha za kampuni au kwa mkopo ambao dereva anaulipa kutoka katika nauli ya kila siku. Naomba mambo hayo mawili yaandikwe katika ukurasa uleule wa tani, mji kwa mji.